Kila Mtu na Kunde Zake: Namna ya Kuandaa Meza ya Wali na Maharage ya Mataifa

Ukitaka watu wa kwao mbalimbali wakae wale pamoja, iwe kazini, chuoni, mtaani, baada ya ibada au nyumbani kwako ugenini, waombe walete wali na maharage. Pilau humfanya mpishi mmoja mwenyeji na wengine wote wageni. Wali na maharage kila mmoja anao kwao. Mghana anao, Mjamaika anao, Mpunjabi anao, Mbrazili huula karibu kila siku, na Mjapani huutoa siku ya furaha. Viungo vyake vingi viko Kariakoo na Marikiti, na bei yake haimfukuzi mwanafunzi wala kibarua.

Ugumu unatokea hapohapo. Kwa kuwa kila mtu anakijua chakula hiki, kila mtu anadhani anakijua na cha mwenzake. Akisikia wali na maharage ya Jamaika, anachukua maharage aliyoyazoea, anakaanga nyanya, anatia bizari ya mchuzi, na mwisho Mjamaika anapakuliwa chakula cha Tandika. Ni kitamu, lakini hakikumfikia. Basi ombi langu kubwa ni hili: ukipika cha mwenzako, badilisha unacholazimika kubadilisha, ila usiguse aina ya punje anayoitumia wala kile kinacholiwa nacho. Mpishi akibadilisha sufuria au mchele, mwenye chakula atasamehe. Akibadilishiwa punje na kitoweo, hatakijua tena.

Kwa hiyo safari inaanza sokoni. Simama mbele ya magunia ya nafaka uyatazame upya, maana karibu kila sahani ya wali na maharage duniani imetoka kwenye gunia mojawapo kati ya manne au matano unayoyapita kila siku.

Kunde ndizo zenye ukoo mpana kuliko zote. Zilianza kulimwa hapa hapa Afrika, na leo ndizo zilizomo kwenye waakye ya Ghana, thiébou niébé ya Senegal na baião de dois ya kaskazini-mashariki mwa Brazil. Ndizo pia za Hoppin' John, wali wa South Carolina ambao familia nyingi za Marekani ya kusini hula siku ya mwaka mpya kwa kutafuta baraka. Kunde zilivuka Atlantiki katika safari zilezile zilizowavusha watu waliotekwa na kuuzwa. Mapishi ya Hoppin' John yalichapishwa mwaka 1847 katika kitabu The Carolina Housewife cha Sarah Rutledge, binti wa tabaka la wenye mashamba. Waliolima mpunga na kushinda mbele ya moto walikuwa Waafrika na watoto wao, na kizazi chao, Wagullah-Geechee, bado wanakipika. Ukikiweka mezani, waseme hao kwanza.

Hata Japani kunde zimefika. Sekihan, wali mwekundu wa sherehe, hupikwa kwa mchele wa kunata na punje nyekundu za azuki. Lakini watu wa upande wa Tokyo hupenda kutumia sasage, ambayo ni aina ya kunde. Husimuliwa kwamba azuki hupasuka tumbo zikiiva, jambo lililowakumbusha samurai kifo cha kujipasua, nao hawakutaka kukiona kwenye sahani ya furaha. Sasage haipasuki ovyo. Unaona jinsi mtu anavyoweza kuwa na sababu ya kina ya kukataa ubadilishe punje yake.

Mbaazi asili yake ni India. Zilikuja kwetu, kisha zikaenda visiwa vya Karibi, ambako Wajamaika huziita gungo na kuzipika na wali wa nazi hasa wakati wa Krismasi, zikiwa mbichi kutoka shambani. Puerto Rico nako Krismasi haipiti bila arroz con gandules, wali wa mbaazi. Mpishi wa Afrika Mashariki ana bahati hapa. Mjamaika aliye London mara nyingi hununua mbaazi za kopo, wakati wewe msimu ukifika unazipata mbichi barabarani, zimeshamenywa na kupimwa kwa kopo.

Maharage tunayoyaona ni yetu tangu azali yalitoka Amerika, yakafika pande hizi baada ya safari za Wareno za karne ya 16. Yaliingia India vilevile kama mgeni, na leo mtu wa Punjab au Jammu ukimwambia kwamba rajma, maharage yake mekundu ya mchuzi, haikuwa ya babu zake wa kale atashangaa. Lifahamu hilo mapema, kwa sababu katika meza ya namna hii hakosi mtu wa kuanzisha ubishi wa nani alitangulia.

Ukishazijua punje, amua mtindo. Kuna wanaopika wali na maharage katika sufuria moja, na kuna wanaopika mbalimbali na kuvikutanisha kwenye sahani. Waakye, Hoppin' John, wali wa Jamaika na sekihan ni vya sufuria moja. Rajma chawal, feijão ya Brazil, kuru fasulye ya Uturuki na maharage mekundu ya New Orleans hupikwa mbali na wali. Kwa watu 10 hadi 15 chagua vyakula vitatu tu, na vyote visiwe vya mtindo mmoja. Sufuria tatu za wali uliochanganywa huwafanya watu waonje kijiko kijiko na kuondoka hawajui walichokula.

Kuhusu chakula cha kwako, usikimbilie wali wa nazi na maharage ya nazi, ingawa ni vitamu na havina ubaya. Toa mseto. Mseto wa choroko ndio wali wetu wa sufuria moja, na umeanza kuonekana chakula cha wazee au cha siku ambayo nyumba haina kitu, jambo linaloniuma. Chambua choroko kikombe 1, zioshe, zichemshe kwa tui la pili mpaka zianze kulainika. Tia mchele vikombe 2 uliooshwa, chumvi, na kitunguu saumu kilichotwangwa ukipenda. Ongeza tui hilo jepesi mpaka lipite juu ya mchele kiasi cha pingili moja na nusu ya kidole, maana mseto hautakiwi kuwa mkavu. Ukikaribia kukauka, tia tui zito, punguza moto, funika, palia makaa juu kama unatumia jiko la mkaa. Uule na mchuzi wa papa mkavu au ng'onda, na ndimu pembeni. Mgeni wa Kihindi akiuonja tu atataja khichdi, mseto wa kwao, na hapo mazungumzo yameanza bila kusukumwa.

Chakula cha pili ninachokupendekezea ni waakye, kwa kuwa kila kitu chake kina ndugu yake jikoni mwetu. Asili yake ni watu wa kaskazini mwa Ghana na Wahausa wa mitaa ya Zongo, na sasa huuzwa barabarani asubuhi kote nchini humo. Rangi yake ya kahawia iliyoiva hutokana na maganda ya bua la mtama mwekundu yaliyokaushwa, yanayochemshwa pamoja na kunde. Mghana anayeishi kwenu huenda ana fungu lake alilotumiwa, mwombe. Usiende shambani Dodoma au Singida kukata majani mabichi ya mtama wowote. Si kila mtama hutoa rangi hiyo, na mtama mchanga una sumu ambayo huua hata ng'ombe. Ukikosa maganda, kubali waakye yako iwe hafifu kwa rangi. Wala usitie bizari kuidanganya.

Kitu cha pili ni kanwa, ambayo kwa kazi yake ni magadi yetu yaleyale, hulainisha kunde na kukoleza rangi. Kwa kunde nusu kilo na mchele kilo 1, magadi ya nusu kijiko cha chai yanatosha. Ukizidisha, chakula kitakuwa na ladha ya sabuni. Chemsha kunde, maganda na magadi kwa kama nusu saa hadi kunde zibonyee lakini zisipondeke. Tia mchele na chumvi, angalia maji yapite juu yake pingili moja, kisha punguza moto na ufunike. Waakye ni laini na ina unyevu kidogo. Mpishi aliyelelewa kupika wali wa kuchambuka punje moja moja atajisikia ameharibu, na hajaharibu.

Sasa yale yanayoliwa nayo, ambayo ndiyo waakye yenyewe. Shito ni pilipili nyeusi ya mafuta, iliyokaangwa taratibu kwa kitunguu, tangawizi, saumu, pilipili kavu, na unga wa samaki wakavu na kamba wadogo. Dagaa na uduvi waliosagwa hufanya kazi hiyo vizuri sana. Juu yake kuna yai la kuchemsha, samaki au nyama, spageti kidogo, na gari, yaani muhogo uliokunwa, ukachachuliwa na kukaangwa mkavu. Gari ni vigumu kuipata hapa, basi iache. Usiweke unga wa muhogo badala yake. Spageti juu ya wali isikushangaze mbele ya mgeni. Mgeni wako pia ameona watu wakila chapati kwa wali na akanyamaza.

Ukipenda wa Jamaika badala ya waakye, nao unakuja kwetu kwa urahisi kwa sababu ya nazi. Chukua maharage mekundu kikombe 1 kwa mchele vikombe 2 na nusu. Maharage yakishaiva, usimwage maji yake, maana rangi ya wali inatoka humo. Tia tui, kitunguu saumu, vitunguu majani vizima, kijiti cha thaimu na punje chache za pimento kama umezipata kwenye duka la viungo. Pilipili mbuzi iwe nzima, ielee juu, na mwangalizi wa sufuria asiipasue kwa mwiko. Hutoa harufu bila kuunguza mtu, ila ikipasuka wageni wa Ulaya hawatakula. Nyanya hazimo, bizari haimo. Ni chakula cha Jumapili, na huliwa na kuku na kachumbari ya kabichi.

Cha tatu kiwe cha kupikwa mbali na wali, na hivyo nitavipita haraka. Rajma haina siri zaidi ya kukaanga kitunguu hadi kiwe kahawia kabla ya tangawizi, saumu, jira na nyanya, na kuyaacha maharage yakae kwenye mchuzi huo saa nzima. Maharage ya New Orleans ni ya Jumatatu, siku ya kufua, kwani sufuria ilikaa motoni na mfupa wa nyama ya Jumapili huku mama akifua. Louis Armstrong, mzaliwa wa mji huo, aliyapenda mpaka akawa anamalizia barua zake kwa kuyataja mahali pa salamu.

Kabla hujawasha moto, uliza. Mfupa huo wa New Orleans ni wa nguruwe, Hoppin' John hutiwa nguruwe aliyekaushwa kwa moshi, feijoada ya Brazil imejaa nguruwe, na Amerika ya Kati maharage mengi hukaangwa kwa mafuta yake bila mtu kuyataja. Kama mezani kuna Waislamu, Wasabato au Wayahudi, elewaneni mapema kwamba nguruwe haingii kabisa. Kumweka kwenye bakuli la pembeni kunaleta wasiwasi wa miiko na sahani. Nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, au samaki wa moshi kutoka Ziwa Viktoria, huleta ule ukali wa moshi unaotafutwa. Na nyama iwe ya halali tangu buchani, uweze kumwambia mgeni kwa uhakika. Mhindu asiyekula nyama hatakula shito wala mchuzi wa papa, basi vyote hivyo viwe mbali na sufuria ya wali. Mjaini hali kitunguu wala saumu. Mtengee bakuli la choroko kabla hujatia viungo. Uliza pia kuhusu mzio wa karanga, ufuta na kamba. Andika kikaratasi mbele ya kila sufuria: jina la chakula, kwao ni wapi, na vilivyomo vyote. Kikaratasi hicho huwaondolea watu aibu ya kuhoji.

Usalama wa maharage mekundu haujadiliwi. Yana sumu ya asili iitwayo lektini, na punje chache tu ambazo hazikuiva zinaweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Yaloweke usiku kucha, au angalau saa 5, mwaga maji hayo, tia mapya, kisha yachemke kwa nguvu. Dakika 10 za kutokota kweli ndizo za chini kabisa. Mimi nakushauri 30, na baada ya hapo endelea na moto mdogo hadi yaive. Anayetumia kikapu cha kupikia au jungu la umeme la moto mdogo asiyaingize humo kabla ya mchemko huo, kwa sababu moto hafifu peke yake hauui sumu na unaweza kuifanya kali zaidi. Nyanya na ndimu visubiri maharage yalainike, maana uchachu huyafanya yawe magumu hata ukipika hadi magharibi. Kama yamekaa ghalani mwaka mzima, magadi kidogo yatakusaidia.

Wali nao una hatari yake, na hii watu wengi hawaijui. Ndani ya mchele mna bakteria wanaostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu saa nyingi, huzaana na kutoa sumu isiyoondoka hata uupashe moto tena. Katika meza ya kushirikiana hatari inazidi, kwa kuwa mmoja amepika saa 4 asubuhi, akapanda daladala na sufuria, na chakula kinaliwa saa 9. Wapishi wanaotoka mbali walete maharage na vitoweo, na wali upikwe palepale. Wenye chakula cha sufuria moja wapewe nafasi jikoni kwako. Unaoliwa mchana uwe wa moto kweli, na wa kubaki usambazwe kwenye sinia upoe, kisha uingie kwenye friji kabla ya saa 2 kupita.

Wakati wa kupakua, usimlazimishe mtu kula sinia moja na wengine. Tandika mkeka na sinia kwa wapendao, weka sahani na vijiko kwa wengine, na maji ya kunawa yapite kwa wote. Kisha kabla ya bismillah au sala, kila mpishi aseme maneno machache, na wewe uwe na swali moja la kumuuliza: chakula hiki kwenu huliwa siku gani? Ukimuuliza mapishi atakutajia vijiko. Ukimuuliza siku, atakuambia habari za Jumapili baada ya kanisa, za mama yake aliyefua Jumatatu, za mtoto aliyezaliwa. Asikatizwe na mtu wa kusema "hata sisi tunacho, ila tunatia iliki." Zamu yake itafika.

Walio ughaibuni wana kazi ya kinyume, yaani kukitafuta cha kwetu katika maduka ya wengine. Mbaazi zitafute kwenye maduka ya Karibi, kopo limeandikwa gungo peas, au ya Wapuerto Rico, limeandikwa gandules. Choroko ziko kwa Wahindi kwa jina la moong. Msibebe mbegu na nafaka kwenye mizigo bila kuzitaja forodhani. Nchi nyingi huzizuia au hutaka kibali cha afya ya mimea. Na msiogope kwamba chakula kitapotea kikikaa mbali. Familia za Waismailia waliotoka Afrika Mashariki, wakiwamo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, walikwenda Uingereza na Canada na mbaazi za nazi na mandazi yao. Wajukuu wao huziita bharazi, na bado huzila asubuhi kama Mombasa.

Yatakayobaki usiyape kuku. Costa Rica na Nikaragua wamekifanya kiporo kuwa fahari ya taifa: gallo pinto, wali wa jana na maharage ya jana, ambao nchi hizo mbili hugombea ni wa nani. Wanikaragua hupenda maharage madogo mekundu, Wakosta Rika meusi na sosi yao ya Lizano. Na kwenye pwani ya Limón, Costa Rica, wali na maharage ni wa nazi, kwa sababu Wajamaika waliokwenda kujenga reli, iliyoanza mwaka 1871 na kumalizika 1890, walibaki huko na chakula chao.

Asubuhi yake, basi, toa wali na maharage kwenye friji. Kaanga kitunguu na pilipili hoho kwenye mafuta kidogo, tia maharage na mchuzi wake, acha yatokote hadi yapungue. Vunja mabonge ya wali kwa mkono, utie, ugeuze kwa moto mkali mpaka uwe wa moto kote na chini uanze kushika ukoko. Majani ya giligilani yaingie mwisho. Pakua na yai la kukaanga na ndizi mbivu za kukaanga, na mwite jirani yule aliyekosa kuja jana.